Sabuni Inachunguzwa

Siku si nyingi zilizopita, katika nchi ambayo wachora ramani huiruka kwa heshima, palitungwa sheria nzuri kupita kiasi. Nchi yenyewe huitwa Jamhuri ya Asilia. Wananchi wake ni wapole, na viongozi wake wana akili nyingi hata huwasaidia wananchi kufikiri.

Sheria hiyo iliitwa Sheria ya Uzawa wa Maneno. Ilisema kwamba kitu chochote ambacho jina lake halijulikani lilikozaliwa kisitumike katika ofisi, shule wala hospitali ya umma, mpaka Tume ichunguze asili ya jina hilo na kulipatia kibali. "Hatuwezi," alisema Rais akilihutubia taifa, "kushika kwa mikono yetu kitu ambacho hatujui jina lake jana lililala nyumba ya nani." Watu wakapiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa yameshapata kibali.

Maneno machache yalipewa kinga, yasisumbuliwe: rais, waziri, serikali, sheria, gari na bendera. Mwalimu mmoja aliuliza kama bendera si neno la Kireno. Alisaidiwa kupumzika kwa miezi minane, mahali penye utulivu mwingi na dirisha moja.

Neno la kwanza kukamatwa lilikuwa sabuni.

Metroni Vumilia Ngao alipata habari hizo kwa njia ya fomu. Alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika Hospitali ya Mkoa, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye stashahada ya uuguzi na viatu visivyopiga kelele. Mama yake alimpa jina Vumilia akitumaini kwamba litamwingia. Halikumwingia. Aliomba sabuni kama alivyoomba kila mwezi kwa miaka ishirini na sita, na fomu ikarudi imepigwa muhuri mwekundu: NENO LINACHUNGUZWA.

Akaenda stoo. Katoni kumi na moja za sabuni zilikuwa humo humo, zinaonekana dirishani, ila mlango ulikuwa umefungwa kufuli na kutiwa lakiri. Spiriti, glavu na pamba navyo vilikuwa ndani, vikisubiri zamu yao, kwani Tume ilichunguza neno moja kwa wakati mmoja, kwa umakini. Dawa peke yake ilikuwa imepata kibali cha muda, kwa sababu Waziri ana kisukari.

Ukitaka kujua wodi ya wazazi isiyo na sabuni inakuwaje, usiulize wakati wa kula. Mashuka yalioshwa kwa maji matupu yakakauka na ramani zake zote. Beseni lilitoka kwa mama huyu likaenda kwa mama yule likiwa na utelezi wake. Nzi walizaliana kuliko wanawake. Wauguzi walinawa kwa maji, wakajifuta kwa kanga, wakaenda kumpokea mtoto wa watu.

Mtoto wa kitanda namba tisa alikufa siku ya nne, kitovu kimeoza. Kwenye fomu ya kifo, penye nafasi ya sababu, Metroni Vumilia aliandika: "Mikono michafu kwa kukosa sabuni." Fomu ikarudi. Neno lililo chini ya uchunguzi haliandikwi katika nyaraka za serikali, alifute. Akalifuta. Ikabaki "mikono michafu kwa kukosa." Ikarudi tena, safari hii na maelezo kwamba sentensi isiyokwisha inaweza kuwatia raia mawazo. Hatimaye nafasi hiyo iliachwa tupu, na mwisho wa robo mwaka Wizara ilitangaza kwa furaha kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa kwa kukosa kitu hicho.

Metroni alisikia tangazo hilo redioni akiwa anakunywa chai. Aliiweka chai chini, asiinywe tena.

Siku hiyo hiyo, kitanda namba kumi na mbili, Kidawa alijifungua binti wa kilo mbili na kidogo. Kidawa aliuza mihogo ya kukaanga nje ya geti la hospitali, na ulimi wake ulikuwa na pilipili kuliko mihogo yenyewe. Mwaka uliotangulia alizaa katika wodi hiyo hiyo na kutoka mikono mitupu.

"Metroni," alisema akimshika mkono, "huyu siondoki bila yeye. Nakwambia mapema."

"Amepewa jina?"

"Siku ya saba. Kwetu mtoto hapewi jina kabla. Wewe nifikishie siku ya saba tu."

Asubuhi yake kitovu cha mtoto kilikuwa kimezungukwa na wekundu. Metroni Vumilia alianzisha dawa, kisha akachukua kalamu akachora mstari kuuzunguka wekundu, kama mtu anayeweka mpaka wa shamba. "Ukivuka hapa," alimwambia Kidawa, "niite." Dawa bila usafi, aliijua kazi yake: unampa mtoto kwa kijiko na kumnyang'anya kwa kidole.

Akavua aproni, akaenda mjini kwenye ofisi ya Tume.

Mwenyekiti wa Tume ya Neno Sabuni alikuwa Profesa Hamduni Kiwelu. Ofisi yake ilinukia maua, ingawa Metroni alitazama pembe zote asione ua. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia yenye pini na nyuzi, na kando yake orodha ndefu ya maneno yaliyokwisha kupata kibali.

"Nimekuja kuulizia sabuni," alisema Metroni.

Profesa akautazama mlango. "Taratibu, mama. Hapa tunasema 'Neno Husika.'"

"Haya. Neno Husika linarudi lini wodini?"

"Ah!" Profesa alisimama, akashika fimbo, akaielekea ramani kama mtu aliyengoja kuulizwa tangu jana. "Metroni, hili si neno la kukaa mahali pamoja. Ni zururaji! Tulianzia kwa Waarabu. Wanasema *sabun*. Tukasema tumemaliza, tulikamate. Wakatuambia: sisi tulilipokea tu, lilipita Ugiriki. Tukaenda Ugiriki. Siku kumi na nne. Wagiriki wakatuambia: nasi tumelipata kwa Warumi, waulizeni wao."

"Mkawauliza?"

"Waliozaliwa na Kilatini kinywani walikuwa wameshafariki." Profesa aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima. "Lakini wajukuu wamelitapanya. Wareno wana *sabão*, Wafaransa *savon*, Wahispania *jabón*. Waturuki wanalo, Wahindi wanalo, Wamalei wanalo. Kote huko tumefika. Na tabia yake, mama, ni ya kutisha! Mhispania akisema anakupa sabuni, anakusifu mpaka unalainika. Mfaransa au Mreno akisema anakupa sabuni, anakukaripia mpaka unatafuta pa kujificha. Neno moja! Imebidi tuunde kamati ndogo mbili, ya Sifa na ya Karipio. Ya Karipio haina wajumbe."

"Na sisi tunaotaka kunawa?"

"Maana hiyo imekuja baadaye sana, ndiyo mkasa wenyewe. Kilatini cha kwanza kinasema *sapo*, na Warumi wanakiri wamelitoa kwa watu wa kaskazini, Wagali na Wajerumani wa kale. Unajua wale walilitumia kwa nini? Kupaka nywele ziwe nyekundu! Wanachukua mafuta ya mbuzi, wanachanganya na majivu ya kuni, basi. Serikali iruhusu rangi ya nywele za Wajerumani iingie katika wodi ya wazazi? Jiulize."

Metroni Vumilia alikuwa ameacha kusikiliza kwenye majivu. Alikuwa akiisoma ile orodha ya ukutani. Maji, kibali. Moto, kibali. Mbuzi, mafuta, majivu, chungu: vibali vyote, vimepigwa mihuri, watoto halali wa nchi.

"Na watoto, Profesa?" aliuliza alipokuwa akiinuka. "Wanakufa."

Profesa alipitisha kidole kwenye orodha yake, uso ukamng'aa. "Watoto? Hilo ni neno safi kabisa, mama. Halina tatizo lolote."

Metroni alirudi hospitali kwa kupitia buchani, amebeba mafuta ya mbuzi kwenye gazeti. Jikoni alimkuta mpishi wa hospitali, Mama Sikujua, ameketi juu ya ndoo anapepeta mchele.

"Majivu ya maganda ya ndizi unayo?"

"Debe zima. Unataka kusugulia masufuria?"

"Nataka kusugua Wizara. Lete na chungu."

Walichuja maji kwenye majivu mara tatu, mpaka yai walilolitia likaelea, ishara kwamba makali yametosha. Wakayaonja kwa ncha ya ulimi, wakatema. Wakayachemsha na mafuta mchana kutwa, wakikoroga kwa zamu, wakikohoa, jiko linanuka beberu aliyeungua. Mama Sikujua alilalamika tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuacha mwiko hata mara moja. Kufikia kesho yake chungu kilikuwa na kitu kizito cha kahawia kama uji wa ulezi uliolala. Metroni alichota kidogo, akatia maji, akasugua viganja. Kikatoa povu.

Mama Sikujua alilitazama povu akashika mdomo. "Sasa hii tunaiita..."

"Nyamaza," alisema Metroni. "Haiitwi."

Wodi ilisuguliwa. Sakafu ilirudi kuwa sakafu, mabeseni yakarudi kuwa meupe, mashuka yakapoteza ramani zake. Hakuna aliyeingia bila kunawa, wala hakuna aliyetaja anawia nini. Wauguzi walisema "kile." Wazazi walisema "cha chunguni." Kidawa alisema "ile dawa ya nzi," kwa sababu nzi walihamia wodi ya wanaume. Na wekundu wa kitovu cha binti yake ulifika kwenye mstari wa kalamu ukakaa hapo, kisha ukaanza kurudi nyuma.

Sasa kila hospitali ya Asilia ilikuwa na Afisa Uzawa, ambaye kazi yake ni kutembea na daftari akiuliza vitu majina yao. Wa pale aliitwa Bwana Lugome, kijana mwembamba mwenye wino vidoleni. Aliingia wodini akasimama, pua juu.

"Mbona panapendeza?" aliuliza kwa wasiwasi.

Akakiona chungu. "Hiki nini?"

"Majivu na mafuta," alisema Metroni. "Yote yana vibali."

"Yakiwa mbalimbali ndiyo. Yakiwa pamoja?"

"Yakiwa pamoja yako pamoja."

"Jina lake, Metroni!"

"Hakina."

Bwana Lugome alirudi hatua moja kama aliyeona nyoka. Alikuwa amesomea maneno ya kigeni, maneno ya shaka na maneno yasiyo na wazazi. Kitu kisicho na neno kabisa hakikuwamo katika mafunzo yake. Alitoka mbio kwenda kupiga simu.

Siku iliyofuata alikuja Profesa Kiwelu mwenyewe, na wajumbe sita, na televisheni ya taifa. Ilishaamuliwa njiani kwamba hili si kosa bali ni uvumbuzi, na uvumbuzi wowote katika Asilia huwa wa Tume. Profesa alisimama katikati ya vitanda akatoa hotuba. Alisema kwamba taifa limepata kitu kisichoazimwa kwa Mwarabu, Mgiriki wala Mfaransa. Alisema kwamba hakitatumika tena mpaka kitafutiwe jina, na kwa hiyo kinachukuliwa sasa hivi kuwa Kielelezo Namba 412. Alisema kwamba jina litachukua miaka mitatu au minne, maana haraka huleta maneno mabovu. Wajumbe walimpa sabuni, kwa maana ya Kihispania, kwa dakika tano mfululizo.

"Ngojeni," Kidawa aliita kutoka kitandani. "Hiki mnachukua kwa kuwa hakina jina?"

"Ndiyo, dada," alisema Profesa kwa upole wa kamera.

"Na huyu wangu hana jina mpaka siku ya saba. Naye mtambeba?"

Wazazi wengine wakacheka. Profesa naye akacheka, kwa kuwa alifundishwa kucheka na wananchi, akaona hapo ndipo pa kupigwa picha. Akasogea akanyoosha mikono amtwae mtoto.

Metroni Vumilia akajiweka katikati. Mikono ya Profesa ikafika chini ya pua yake, na pua ya muuguzi aliyefanya kazi miaka ishirini na sita haidanganyiki. Mawaridi. Si maua, si manukato ya kupulizia. Ilikuwa mikono laini, myeupe kwenye kucha, imenawa asubuhi ile kwa povu jingi na kunawa tena, na harufu ile ilikuwa ya hoteli za ng'ambo, si ya hoteli yoyote ya Asilia. Akawasogelea wajumbe mmoja mmoja akavuta pumzi. Ndimu. Mrujuani. Mawaridi tena. Sita, wote wasafi kama sahani za harusi.

Uchafu alikuwa ameuzoea. Ameushika maisha yake yote, wa damu, wa choo, wa usaha. Usafi huu ndio uliomshinda.

"Profesa," alisema kwa sauti ya kufika kwenye kipaza sauti, "mikono yako inanukia nini?"

Profesa alifungua kinywa. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Kila mtu aliliona likija. Akalimeza.

"Inanukia... kazi," alisema.

"Kazi gani yenye mawaridi?"

"Kazi ya... safari."

"Basi mama zetu wanaolima wangenukia bustani," alisema Kidawa. "Haya, mtoto simtoi."

Televisheni ya taifa ilizima taa zake. Wajumbe wawili walibeba chungu kwa leso, wasikiguse, wakakitia stoo chini ya lakiri mpya, na msafara ukaondoka kwa ving'ora.

Kufikia asubuhi wekundu ulikuwa umevuka mstari. Metroni alichora mwingine, nje ya ule wa kwanza. Mtoto alikuwa wa moto na hataki ziwa. Kidawa alikuwa akimlowanishia paji la uso kwa kona ya kanga, akimtazama Metroni.

Saa tatu ikaja barua. Kwa utovu wa heshima dhidi ya mikono ya Mwenyekiti, Metroni V. Ngao anaondolewa wodini mara moja na kushushwa cheo kuwa Mtunza Vielelezo katika stoo ya hospitali, kazi isiyohitaji elimu wala kuongea na watu. Ndani ya bahasha hiyo hiyo, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, waliweka funguo.

Aliisoma mara mbili. Kisha akavaa aproni yake na kutembea hatua themanini mpaka stoo, akavunja lakiri na kufungua.

Katoni kumi na moja zilikuwa zimepangwa vizuri zikitazama dirisha. Alizigusa, zikayumba. Zilikuwa tupu. Kila moja ilikuwa na karatasi ndani: "Vipande vimechukuliwa kwa uchunguzi wa karibu," na saini. Saini zilikuwa za watu sita, wajumbe wale wale wa mawaridi na ndimu. Spiriti ilichunguzwa, pamba ilichunguzwa, na kiti cha mlinzi wa usiku nacho kilichunguzwa kikaenda.

Kwenye kona, kimefungwa utepe wa rangi za bendera, kilikuwepo chungu chake. KIELELEZO NAMBA 412. KITU KISICHO NA JINA. Hakikupungua hata kidogo. Hakuna aliyekiiba, kwa sababu hakuna aliyejua akiuze kama nini.

Metroni alikata utepe, akausokota ukawa kata ya kichwani, akajitwika chungu.

Mlangoni alikutana na mlinzi, Jafeti, mtu mzima mwenye bunduki ya zamani na orodha mpya. "Shikamoo, Metroni. Nimeambiwa hakitoki kitu. Umebeba nini hapo?"

"Marahaba. Tazama kwenye orodha yako."

Jafeti alitazama. Alishuka na kidole kuanzia juu: glavu, kitambaa, pamba, sabuni, sindano, spiriti. Akageuza karatasi. Akarudi juu.

"Kinaitwaje nikitafute?"

"Hakiitwi."

"Basi hakimo," alisema Jafeti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. "Pita, mama. Angalia ngazi."

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Tume ilikuwa angani, ikielekea kaskazini kumtafuta mtu wa kwanza aliyepaka nywele. Metroni alikuwa wodini, kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kuhakikisha hayumo. Mama Sikujua alikuwa ameinjika chungu cha pili na cha tatu. Kitandani namba kumi na mbili wekundu ulikuwa umerudi ndani ya mistari yote miwili, umebaki kama sarafu, na mtoto alinyonya kwa kelele za aibu. Ndugu wa Kidawa walikuwa wamekaa na ubani na wembe wa kunyolea nywele za kwanza.

Ndipo alipoingia Bwana Lugome na daftari lake.

"Poleni na hongereni," alisema. "Nimeletwa kuandikisha jina la mtoto. Msilitumie bado. Litapelekwa Tume lichunguzwe lilikozaliwa, kisha mtajibiwa. Hebu nimwone, nimpime na urefu."

Akanyoosha mkono wenye wino wa wiki nzima, na chini ya kucha kitu ambacho si wino.

Shangazi wa Kidawa alishika shavu. Metroni alianza kuinuka, lakini Kidawa alikuwa mbele yake. Alimhamishia mtoto bega la pili, akavuta chungu kwa mguu kutoka chini ya kitanda, akakisukuma mpaka kwenye viatu vya afisa wa serikali.

Bwana Lugome alikitazama. "Lakini hiki bado hakina..."

"Nawa kwanza," alisema Kidawa.